Sahani ya Konokono

"Mbona wewe hukuumwa?"

Wifi yake aliuliza hivyo pale kwenye korido ya hospitali, mbele ya mfanyausafi aliyekuwa anapiga deki na mama mmoja aliyeshika chupa ya chai. Hakuinua sauti. Angefoka ingekuwa nafuu, maana anayekufokea unaweza kumfokea nawe, mkaishia hapo. Yeye aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Mama Sindano alimtazama mfanyausafi kwanza. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya kazi yake. Aliokota konokono wadogo weusi kwenye miamba ya pwani, akawachemsha kwa chumvi na pilipili, akawauza nje ya geti la bandari, na kila bakuli lilitoka na sindano yake ya kuchokolea nyama. Mchana wa jana alimpakulia baba mkwe wake sahani kutoka kwenye sufuria ya biashara. Na yeye mwenyewe alikula. Jioni mzee akaanza kulalamika kwamba midomo imekufa ganzi. Ukafuata ulimi, vikafuata vidole. Walipomfikisha hospitalini kope zilikuwa haziinuki tena na kifua kimegoma kupanda. Sasa mashine ilikuwa inampumulia, nyuma ya mlango wenye kioo cha duara.

"Nilikula," alisema mwishowe. "Tulikula sufuria moja."

"Ndiyo maana nauliza."

Mume wa Mama Sindano alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni. Alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, na upole wake ulikuwa na kasoro moja: watu wawili wakigombana mbele yake aliangalia viatu. Aliangalia viatu.

"Kaka, wewe hukuwepo," wifi akaendelea. "Mimi nilikuwepo, nilikuja kumpima baba suruali. Nimemsikia kwa masikio yangu. Alimwekea sahani mbele akamwambia, kula ushibe, unyamaze. Haya. Amenyamaza."

Mfanyausafi aliacha kupiga deki. Ni kweli Mama Sindano alisema hivyo. Mzee alikuwa amemsema tangu asubuhi: nyumba inanuka bahari, mke wa fundi anachuchumaa kwenye miamba kama ndege, vibarua wa bandari wanamwona miguu. Kila siku ilikuwa hivyo. Mzee aliwatukana konokono asubuhi na mchana akawala, tena akaomba kuongezewa. Siku hiyo yeye alichoka tu. Maneno yakamtoka kama yanavyomtoka mtu yeyote jikoni, mwiko ukiwa mkononi.

Lakini sasa, yakirudiwa kwenye korido ile na mtu mwingine, hayakuwa tena maneno ya jikoni.

Daktari alitoka. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alisema sumu imeshika mishipa inayoendesha misuli, dawa ya kuiondoa hakuna, wanachofanya ni kumpumulia mpaka mwili uitoe wenyewe.

"Ni konokono?" fundi akauliza.

"Inawezekana ni konokono."

"Au siyo?"

"Inawezekana siyo. Kuna vitu vingi vinavyofanya hivi. Mwingine aliyekula yupo?"

Wote wawili, kaka na dada, wakamgeukia Mama Sindano. Akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi aliyefanya kosa.

*

Nyumbani, ndoo ilikuwa pale alipoiacha, kando ya karo, na konokono waliobaki walikuwa wanatoka. Ndiyo tabia yao. Konokono wa miambani hapendi kukaa ndani ya maji muda wote. Maji yakimzidi hupanda, na akifika pakavu hujifungia kwa kile kifuniko chake chembamba kama ukucha, akangoja. Wengine walikuwa wameshafika ukingoni. Wachache walikuwa ukutani, weusi, kila mmoja hazidi punje ya hindi, wakijikokota kuelekea dirishani.

Siku zote alikuwa anawaokota ukutani na kuwarudisha ndooni huku akiwasemesha: haya, nyie, mnakwenda wapi. Leo alisimama akawatazama. Aliwajua tangu msichana. Alijua wapi wanajificha jua likiwa kali, wimbi gani huwabandua na lipi huwapita juu tu. Na sasa alikuwa anawaona kama wapangaji waliofanya jambo nyumbani kwake na kukataa kusema.

Mume wake aliingia jikoni akavuta kiti. Alianza kumuuliza namna anavyouliza akiwa amelifungua friji la mtu, swali moja baada ya jingine, bila haraka, akipunguza uwezekano.

"Uliwaosha?"

"Niliwaosha."

"Kwa maji ya wapi?"

"Ya bomba. Unaniona kila siku."

"Waliiva?"

"Waliiva."

"Ile sufuria, kabla ya hapo ulikuwa umeweka nini?"

"Sufuria ya konokono ni ya konokono. Unaijua."

Alijikuna kidevu, akaangalia kabatini, kisha sakafuni.

"Ile dawa ya panya iko wapi?"

Mama Sindano alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Alikikunja mara mbili, akakiweka juu ya karo, akakinyoosha.

"Uliimaliza wewe mwenyewe, kule kibandani kwako. Ukatupa na kopo."

"Ah. Kweli."

"Kweli."

"Naulizia tu, mwenzangu. Si lazima nijue? Kesho daktari akiniuliza, nitamjibu nini?"

Hakuwa mkali. Alisema kwa sauti ile ile aliyomwambia kwa miaka yote kwamba chai imezidi sukari. Hapo ndipo Mama Sindano alipochanganyikiwa hasa, kwa sababu hakuweza kujua kama mumewe anamshuku au anamtafutia njia ya kutoshukiwa. Alimtazama usoni, akatafuta. Aliona mtu amechoka, baba yake yuko kwenye mashine. Hakuona zaidi ya hapo.

*

Asubuhi alikwenda getini bila sufuria. Aliwafuata wateja wake mmoja mmoja kuwauliza hali ya midomo yao.

Jambo hilo ukilisikia ni dogo. Ukilifanya ni aibu. Kumsimamisha mwanaume mzima, kibarua wa kubeba mizigo, na kumuuliza midomo yako vipi, ni kujitakia maneno. Wa kwanza alicheka akasema midomo yake ni mizima, kama anataka ajaribu. Wenzake wakapiga makofi. Wa pili aliuliza kwa nini anaulizwa, na Mama Sindano alipomweleza, akarudi nyuma hatua nzima kama aliyeona nyoka. Aliwaendea wenzake akawanong'oneza, na kuanzia hapo hakuna aliyecheka.

Mlinzi wa geti ndiye aliyekuwa muungwana. Alikuwa mteja wa zamani, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache.

"Mimi nilikula mabakuli mawili," alisema. "Nikalala kama mtoto."

"Na mikia yake?"

Hakujua kwa nini aliuliza hivyo. Nyuma ya nyama ya konokono kuna kamkia ka kijani kanakojikunja ndani kabisa ya gamba. Ni tumbo lake. Watu wengine hukakata, kwa kuwa kana uchungu. Yeye hukakata tangu utotoni. Mzee alikuwa anasema anayetupa mkia hajui kula.

"Na mikia," mlinzi akasema. "Mimi sitemi kitu."

"Na hukusikia chochote?"

Akafikiri. "Ulimi uliniwasha kidogo. Lakini pilipili yako, Mama Sindano, unaijua mwenyewe."

Aliondoka pale akiwa hajui ameambiwa ndiyo au hapana.

Mchana walikuja watu wawili wa idara ya uvuvi, mmoja mrefu mmoja mfupi, na hata wao hawakupatana. Yule mrefu alisema maji ya bahari wakati mwingine huota vijidudu visivyoonekana, vyenye sumu, na kila kinacholamba mwamba hulamba na hiyo sumu; yeye konokono haimdhuru, humdhuru anayemla. Yule mfupi akasema hayo ni ya chaza na kome, wanaochuja maji. Konokono huyu hukaa juu juu, nusu ya maisha yake yuko nje ya maji, ni vigumu.

"Vigumu siyo haiwezekani," mrefu akasema.

"Sijasema haiwezekani. Nimesema vigumu."

Walichota konokono wa kwenye ndoo wakawatia kwenye mfuko wa nailoni. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mama Sindano alisikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba wamekuja kuchukua ushahidi.

*

Wodi ilikuwa na utaratibu wa kuingia mmoja mmoja. Siku iliyofuata wifi yake aliwahi na kumaliza muda wote wa asubuhi. Mchana ilikuwa zamu ya Mama Sindano. Alikuta miguu ya mzee imetoka nje ya shuka, nyayo zimepauka, na katikati ya vidole bado mna mchanga wa siku ile waliyombeba mkukumkuku kutoka uani.

Aliomba beseni. Hakuna aliyemwambia aoshe, na hakuna aliyemkataza. Alikinga maji ya bomba la wodini akaanza kuosha miguu ambayo hajawahi kuigusa kwa muda wote wa ndoa yake. Ilikuwa mizito. Mzee alikuwa ameendesha winchi bandarini ujana wake wote, akinyanyua makontena kwa kidole, na sasa kidole hicho hakikuweza kujikunja.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. Mashine ilivuta, ikashusha. "Baba, kama ni mimi, nisamehe. Kama si mimi, nisamehe vilevile."

Alikuwa hajui anaomba msamaha wa nini. Wa konokono? Wa yale maneno? Au wa kitu kingine ambacho ndicho kilimnyima usingizi: kwamba siku ile mzee alipoacha kusema, alipokaa kimya pale uani na sahani yake, yeye jikoni alishusha pumzi na kufurahi. Alifurahia ule ukimya. Kulikuwa na dakika nyingi sana za ukimya ule kabla hajatoka kwenda kutazama.

Akakausha miguu kwa khanga yake, akaifunika.

Alipokuwa anarudisha beseni, ndugu wawili walikuwa wameingia kinyume cha utaratibu, muuguzi kawaonea huruma. Alisimama nje ya pazia. Wifi yake alikuwa analia, kwa sauti iliyokauka na kuchoka.

"Siwezi kumtazama hivi. Bora angekufa siku ile ile, kuliko kulala kama gunia, hatujui ni mtu au siyo mtu."

"Usiseme hivyo," fundi akasema.

"Nimeshasema."

Mama Sindano aliweka beseni chini taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi. Hakukasirika. Alishangaa tu kwamba angeweza kuyasema yeye maneno yale, kwa sauti ile ile, na yangemtoka hivyo hivyo.

*

Majibu ya idara ya uvuvi yalikuja. Konokono wa kwenye ndoo walikuwa safi.

Yule mfupi ndiye aliyeleta habari, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda mjadala. "Hongera, mama. Bidhaa yako haina tatizo."

Wifi alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha mzee, mkoba mapajani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Safi kabisa?"

"Safi kabisa."

"Asante, bwana." Akamgeukia Mama Sindano, na safari hii hata sauti ya kuuliza saa haikuwepo. "Sawa. Konokono hawana sumu. Baba ana sumu. Sasa nifundishe mimi, nimalizie hesabu hiyo."

Walipoondoka wote, alibaki jikoni akijaribu kuimalizia hesabu hiyo yeye mwenyewe. Aliigeuza huku, akaigeuza kule. Konokono wakiwa safi, basi ni yeye aliyemtilia mzee kitu. Wakiwa na sumu, bado ni yeye aliyewaokota, akawachemsha, akawaweka mbele yake na kumwambia ale. Upande wowote aliogeukia alijikuta yeye mwenyewe amesimama pale, na sahani mkononi.

Akili ikishafika hapo hufanya mambo ya ajabu. Alianza kujiuliza kama kweli anakumbuka. Aliona mkono wake ukichota chumvi. Ilikuwa chumvi? Kopo la chumvi lilikuwa pale, alilifungua, akalamba. Chumvi. Alifungua la pilipili, akalamba mpaka macho yakatoka machozi. Alinusa mafuta, alinusa sabuni. Mtu angemwona angesema amerukwa na akili.

Ndipo akawasha jiko. Alichukua konokono wote waliobaki ndani ya ndoo, akaokota na wale wa ukutani, akawachemsha. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alikusudia kula na mkia. Hakuwa anataka kufa, wala hakuwa anataka kuthibitisha kitu kwa mtu. Alitaka jambo moja tu lijulikane, lolote lile.

Mume wake alirudi kuchukua spana aliyosahau, akamkuta mezani na bakuli linafuka moshi. Alisimama mlangoni. Alitazama bakuli, akatazama sindano mkononi mwake. Halafu akavuta kiti, akakaa, akaichukua ile sindano, akashika konokono mmoja kwa vidole, akamchokoa na kumzungusha akatoka mzima, na mkia wake wa kijani unaning'inia.

"Unafanya nini?"

"Nakula. Si wamesema ni safi?"

Akamwinua kuelekea mdomoni. Mkono wa Mama Sindano ukampiga kabla kichwa hakijauamuru. Sindano iliruka ikalia sakafuni, bakuli likapinduka, na konokono wakabingirika kwenye meza nzima, wengine wakaanguka mmoja mmoja kwa sauti ndogo kama mvua inayoanza.

Walitazamana.

"Kwa hiyo unaamini wana sumu," fundi akasema.

"Siamini chochote. Usile tu."

"Na wewe ulitaka kula."

"Mimi ni mimi."

Fundi aliinama akaanza kuokota chini. Aliokota muda mrefu. Kisha akasema, akiwa bado chini ya meza, "Sasa nimejua."

"Umejua nini?"

"Basi tu."

Na hapo alimwacha. Mama Sindano hakupata kufahamu, siku ile wala baadaye, kama mumewe alikaa mezani kwa kumwamini au kwa kumjaribu. Kama ni kumwamini, kwa nini alisema sasa nimejua? Na kama ni kumjaribu, mbona mkono wake ulikuwa hautetemeki? Aliwahi kumuuliza. Alijibiwa kwamba alikuwa na njaa.

*

Mambo yaligeuka kwa yule afisa mrefu. Hakuridhika na majibu ya ndoo, akarudi peke yake, akamwomba Mama Sindano amwonyeshe mahali hasa alipookota wa siku ile. Alimwonyesha. Wa kwenye ndoo waliokotwa mwamba wa juu, ambako maji hufika kwa kurusharusha. Wa kwenye sufuria wengi walitoka huko huko juu, na wachache, wale wakubwa, aliwatoa mwamba wa chini ambao huonekana bahari ikivuta sana. Wakubwa ndio aliompa mzee. Alimchagulia.

"Kwa nini ulimchagulia?" afisa akauliza.

"Kwa sababu ni mkwe wangu," alisema, na ndipo machozi yakamtoka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Siku aliyomwambia anyamaze ndiyo siku aliyomchagulia wakubwa. Vyote viwili alivifanya kwa mkono mmoja, na hakujua kipi kati ya hivyo ndicho yeye.

Majibu ya mwamba wa chini yalipotoka, idara iliweka vibao pwani nzima kukataza kuokota chochote. Daktari naye akasema sasa inaeleweka: wakubwa, pamoja na mikia, na mzee mwenye mwili wa uzee. Wifi alipoambiwa alisema, "Sawa." Jirani aliyekuwa akizungumzia ushahidi alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko, kama vile hajawahi kusema kitu.

*

Mzee alitolewa mashine. Kwanza alifumbua macho, siku iliyofuata akasogeza vidole, kisha sauti ikarudi, nyembamba na yenye mikwaruzo. Aliwaita wote. Muuguzi aliwaruhusu waingie pamoja.

Alikuwa ameegemezwa mito miwili. Alimshika mkono binti yake, akamvuta akae kitandani.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Daktari anasema ugonjwa huu hauzimi akili, unazima mwili tu. Nilikuwa ndani humu, nimefungiwa, nasikia. Sauti zilinijia kwa mbali, kama zamani nilipokuwa juu ya winchi na watu wanaongea chini. Lakini nilisikia."

Binti yake alimsogelea zaidi.

"Wewe mwanangu, ulinishika miguu ukaniosha. Ukaniomba msamaha. Hukunikosea kitu na ukaniomba msamaha." Alimpapasa binti yake mgongo wa mkono. "Ile sauti ndiyo niliyoishikilia. Kila nilipotaka kwenda, niliishikilia ile."

Wifi alibaki amekaa, mdomo wazi kidogo.

"Na mwingine alisema bora ningekufa siku ile ile, kuliko kulala kama gunia." Mzee hakumtazama mkwewe. Alitazama ukuta uliokuwa upande wake. "Huyo namjua. Wala sishangai. Aliwahi kuniambia ninyamaze."

Fundi aliinua kichwa. Mara hii hakuangalia viatu. "Baba," alianza, "hapo ume—"

Mama Sindano akamkanyaga mguu. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu neno hilo halikuwa la mumewe kulisema. Labda kwa sababu mzee alionekana ametulia, na nani amvuruge mtu aliyerudi kutoka kule. Labda, na hili lilimuuma, kwa sababu alihisi anastahili. Alisema anakwenda kumletea mgonjwa maji ya kunywa, akatoka.

Wifi alimfuata kwenye korido.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni wewe. Kwamba mimi ndiye..." Akakatisha. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Unataka nibaki na deni lako maisha yangu yote? Ndivyo unavyotaka?"

"Sitaki kitu, wifi. Mimi hata sijui ninachotaka. Nakwenda kuchukua maji."

"Ungesema angekuamini."

"Asingeniamini. Nawe unajua."

Wifi alijua. Alisimama pale akichezea kifungo cha mkoba, akakifungua, akakifunga. Alikuwa mshonaji, na vidole vyake havikuzoea kukaa bure. Halafu akageuka akarudi ndani. Mlango wenye kioo cha duara haukufunga sawasawa nyuma yake.

"Baba," Mama Sindano alimsikia akisema, "aliyekuosha miguu siyo mimi."

Mzee aligeuza kichwa kwenye mto.

"Siyo wewe?"

"Siyo mimi. Ni wifi."

Mtu alikohoa kwenye kitanda cha jirani.

"Na yule wa gunia?"

Mama Sindano alisogea karibu na mlango. Alimwona fundi kupitia kioo, amegeukia dirishani. Hakumwona wifi yake, alimsikia tu, na sauti ilikuwa ile ile iliyokauka ya siku ile nyuma ya pazia.

"Ni mimi, Baba."

Alikwenda akachukua maji. Hakuharakisha. Alisuuza kikombe mara nyingi kuliko kilivyohitaji, akakijaza, akamwaga kidogo kisimwagike njiani. Aliporudi, wifi yake alikuwa amelaza kichwa kwenye shuka, na mkono wa mzee uko juu ya nywele zake, haupapasi, upo tu. Mzee alimwangalia yeye. Alimwangalia muda mrefu, kama anayejaribu kulinganisha uso na sauti na kuona havikai sawa.

"Ni wewe uliyeniosha miguu?"

"Ndiyo, Baba."

"Yale maji yalikuwa ya baridi sana."

"Ni ya bomba la wodini. Ya moto hayakuwepo."

"Nilitaka kukwambia," mzee akasema, "nikashindwa."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, naye Mama Sindano akamsaidia kukishika mpaka akamaliza.